Kiingilio: Historia ya Mahali pa Maonyesho katika Kindu na Maniema

Jumba la sanaa za maonyesho, yaani jengo kubwa la mjini lenye jukwaa, viti vya safu, pazia, taa na dirisha la kukatia tiketi, ni kitu cha juzi katika bonde la mto Lualaba. Lakini sanaa yenyewe ya maonyesho, kwa maana ya watu wenye ujuzi kucheza, kuimba na kuigiza mbele ya wengine waliokubali kukaa na kutazama, ina umri mrefu huko kuliko mji wowote uliopo leo. Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji uliozaliwa kwa ajili ya reli na meli wala si kwa ajili ya ngoma, na hata hivyo historia yake haielezeki vizuri bila kuuliza swali ambalo kila mwenye ukumbi hulazimika kulijibu: nani anaingia, nani anabaki nje, na aliyeingia ametoa nini? Kiswahili kimelikunja swali hilo lote ndani ya neno moja, kiingilio, ambalo kwa matumizi ya kila siku ni fedha inayotolewa mlangoni, lakini ambalo kwa karne moja na nusu ya historia ya Maniema limekuwa na maana nyingi zaidi ya fedha.

Mashariki ya Kindu, kuelekea Pangi na kuvuka hadi Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini, ndiko kwenye nchi ya Walega, watu wa msituni ambao hawakuwa na mfalme wala dola yenye makao makuu, na ambao maisha yao ya hadhara yaliongozwa na chama kiitwacho bwami. Neno chama hapa linahitaji tahadhari, kwa kuwa bwami haikuwa chama cha siri kwa maana ya genge la kuogofya, kama maofisa wengi wa Kibelgiji walivyodhani, wala haikuwa dini yenye makuhani. Ilikuwa ngazi ya madaraja ambayo mtu alipanda katika maisha yake yote, akianzia kongabulumbu na kupitia madaraja ya kati kama ngandu na yananio, hadi kufika, kama alijaliwa jamaa wengi, mali na tabia njema, kwenye daraja la juu kabisa liitwalo kindi. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao, yaliyofungamana na ya waume zao, na mwanamke aliyefika daraja la juu la bunyamwa aliheshimiwa kiasi kwamba mumewe hangeweza kuendelea bila yeye.

Kila kupanda daraja kulikuwa onyesho, tena onyesho la siku kadhaa, lililokuwa na mpangilio, wataalamu na hadhira yake. Mtaalamu mkuu aliitwa nsingia, yaani mfunzi aliyejua nyimbo, michezo na maana zake, na kazi yake inakaribiana na ya mwongozaji wa tamthilia, ila yeye pia aliingia uwanjani na kucheza. Mafunzo hayakutolewa kwa hotuba. Nsingia aliimba methali fupi, akaicheza kwa mwili, akaonyesha kitu kinachoifunga methali hiyo, ambacho kingeweza kuwa fuvu la mnyama, jani, mkia, kikapu au sanamu ndogo ya pembe ya ndovu iitwayo iginga, kisha akaiacha hadhira ichambue. Na kwa kuwa methali moja huweza kuwekewa vitu tofauti, na kitu kimoja kikabeba methali tofauti, mtu aliyehudhuria maonyesho kumi alikuwa bado hajaona yote. Lengo la mafunzo hayo lilikuwa busoga, neno la Kilega linalounganisha wema na uzuri kiasi kwamba haiwezekani kusema mtu ni mzuri wa sura na mbaya wa moyo bila kuipinda lugha.

Vinyago vya bwami vinafundisha jambo ambalo mgeni aliyezoea kumbi za mjini hulikosa kirahisi. Kinyago kidogo cha mti kiitwacho lukwakongo, chenye uso uliopakwa chokaa nyeupe na ndevu ndefu za nyuzi, hakikuvaliwa usoni tu kwa ajili ya kumficha mchezaji. Kiliwekwa kwenye paji la uso, kwenye panja, begani au gotini, kikashikwa mkononi, kikatundikwa kwenye ua wa miti pamoja na vingine, au kikaburutwa ardhini kwa ndevu zake, na kila mkao ulikuwa na maneno yake. Maana haikuwa ndani ya mti bali katika mwendo na wimbo uliouzunguka, na ndiyo sababu kinyago kilekile kinapowekwa leo ndani ya kabati la kioo, kimesimikwa kwenye nondo kwa kimo cha uso wa mtazamaji, kinaonyesha ustadi wa mchongaji lakini kimepoteza kazi yake karibu yote.

Kiingilio cha bwami kilikuwa kizito. Mwombaji na ukoo wake walikusanya nyama, mafuta, chumvi na mikufu ya musanga, yaani vipande vidogo vya kombe la konokono vilivyotungwa na kutumika kama fedha, wakavigawa kwa wenye daraja waliokuja kumpokea, na kwa kuwa mtu mmoja hangeweza kukusanya mali hiyo peke yake, ilimlazimu kuishi vizuri na wajomba, mashemeji na majirani kwa miaka mingi kabla ya siku yake. Kwa maneno mengine, kiingilio kilipima uhusiano wa mtu na watu wake, na aliyegombana na jamaa zake wote hakuwa na namna ya kulipa hata kama alikuwa na uwezo. Watazamaji, kinyume na desturi ya tamthilia ya mjini, ndio waliolipwa, kwa sababu kule kuwepo kwao kulikuwa ushahidi kwamba mwenzao amepanda. Na wasiofikia daraja walisikia ngoma kutoka mbali, wakaona baadhi ya michezo ya nje, lakini ndani hawakuingia. Haifai kuipamba desturi hii kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa maskini asiye na ukoo mkubwa alifungiwa mlango huo maisha yake yote.

Jirani na Walega, upande wa kaskazini mashariki, Wanyanga wa Walikale walikuwa na onyesho la namna nyingine, lililomhitaji mtu mmoja tu na wasaidizi wachache. Mtambaji wa tendi zao, utenzi mrefu wa masimulizi uitwao karisi, alisimulia, akaimba, akacheza na kuwaigiza wahusika wake kwa zamu, akiwa na kibuyu cha kutikisa mkononi na njuga mwilini, huku vijana wakigonga mti kwa vijiti na wasikilizaji wakimtunza kwa zawadi kila alipofika pahali patamu. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alitamba kisa cha shujaa Mwindo kwa muda wa siku 12 mbele ya watafiti, na maandishi ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji wa elimu ya jamii, pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Inafaa kuzingatiwa kwamba Rureke hakuwa amezoea kutamba kisa chote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kutamba sehemu moja leo na nyingine siku nyingine, kadiri hadhira ilivyotaka, na ni haja ya maandishi iliyomfanya mtambaji amalize.

Wageni wa kwanza kuleta Maniema namna mpya ya kukaa pamoja walikuwa Waungwana, jina lililowajumuisha wafanyabiashara wa pwani, wapagazi, wapiga bunduki na watu wa bara waliofuata desturi zao, walioingia kutoka Unguja na Tabora kupitia Ujiji katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mji wa Nyangwe, kando ya Lualaba, ulikuwa na soko kubwa ambako wanawake wa vijiji vya pande zote mbili za mto walikutana kwa maelfu, na lililokuwa, kwa hesabu ya idadi ya watu, kusanyiko kubwa kuliko ngoma yoyote. Soko hilo ndilo lililoshambuliwa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone akishuhudia, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Kasongo, mji mwingine wa Waungwana, ulikuwa ngome ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili katika kitabu ambacho bado ni miongoni mwa nathari bora za lugha hii, ingawa yeye mwenyewe hakuona haja ya kuomba radhi kwa watumwa na meno ya tembo yaliyomtajirisha.

Waungwana hawakujenga kumbi za michezo, lakini walileta baraza. Nyumba ya mraba yenye ukumbi wa mbele, tofauti na nyumba za msituni, ilimpa mwenyeji mahali pa kukaa nje ya mlango wake, akaonekana bila kuingiliwa, na huko ndiko kulikosomwa, kukasimuliwa, kukaamuliwa kesi na kukachezwa bao. Kiingilio cha baraza kilikuwa lugha na mavazi: aliyejua Kiswahili, akavaa kanzu na kofia na kusali, alipata pa kukaa, hata kama babu yake alikuwa Mkusu, Msongola au Mzimba wa palepale. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, koloni la mfalme wa Ubelgiji, yaliyoongozwa na Francis Dhanis, yaliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893 na kuivunja nguvu ya kisiasa ya watu hao, lakini lugha yao, ambayo maofisa wa Kizungu waliiita Kingwana, na dini yao, vilibaki. Na katika miaka ya kati ya vita viwili vikuu vya dunia, tarika ya Qadiriya iliyotokea upande wa Ziwa Tanganyika ilipata wafuasi wengi Maniema, ikiwa na dhikiri ambayo ni ibada kwa wahusika, ingawa kwa jicho la mpita njia usiku ina sauti, mwendo na mduara wake. Serikali ya kikoloni iliitazama kwa shaka, kama ilivyotazama kila kusanyiko ambalo haikulianzisha yenyewe.

Kindu yenyewe ilikua kutokana na kampuni. Mwaka 1902 ilianzishwa Kampuni ya Reli za Kongo ya Juu hadi Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, kwa fedha za Baroni Édouard Empain, tajiri wa Kibelgiji ambaye jina lake lilibandikwa kwenye kituo hicho kipya, kikaitwa Kindu-Port-Empain. Mpango wa kampuni ulikuwa kuunganisha vipande vya mto vinavyopitika kwa meli na vipande vya reli pale maporomoko yanapozuia: reli kutoka Kisangani, wakati huo Stanleyville, hadi Ubundu, kilomita zipatazo 125, kwa kuyakwepa maporomoko saba ya Boyoma, kisha meli kutoka Ubundu hadi Kindu, kilomita 300 na ushei, kisha reli nyingine ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa kati ya 1906 na 1911. Kindu kwa hiyo ilikuwa mahali ambapo kila msafiri na kila mzigo ulilazimika kushuka na kupanda tena, na mji wa namna hiyo hupata watu wa kila kabila, kila nyimbo na kila habari, bila yeyote kuwa mwenyeji wa kumwambia mwenzake jinsi ya kucheza.

Katika miji ya aina hii, kotekote Afrika Mashariki na Kongo, ngoma ilibadilika kutoka kuwa jambo la ukoo ikawa jambo la vikundi vya kujiunga. Beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Kizungu, ikiwa na vyeo vya majenerali na wafalme wa kuigiza, ilisambaa pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kufika hadi miji ya migodi ya Katanga, ambako watawala waliipeleleza bila kuelewa kama ni mchezo au maasi. Baadaye, katika miaka ya 1940 na 1950, gitaa na sahani za santuri zilishika nafasi yake: kampuni ya Ngoma, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948, ilitoa rumba kwa Kilingala, na kutoka Katanga ilisikika sauti ya Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili, baada ya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, kumrekodi mwaka 1952. Mji wa kubadilishia chombo, ambako Kilingala cha mtoni kilikutana na Kiswahili cha reli, ulizipokea sauti zote mbili, na Kindu imebaki hivyo hadi leo, ingawa Kiswahili ndicho chenye nguvu zaidi mdomoni mwa watu.

Utawala wa kikoloni nao ulikuwa na kumbi zake, na sheria zake za mlangoni. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji mtaa wa Wazungu na makazi ya Waafrika yalitenganishwa, na hali kadhalika burudani: Wazungu walikuwa na vilabu vyao, misheni ilikuwa na ukumbi wa parokia, ambako vijana waliigiza visa vya Biblia na vichekesho vya kuonya, na wale walioitwa evolue, yaani Waafrika waliosoma na kuajiriwa kama makarani na mafundi, waliruhusiwa kuunda vyama vya mazungumzo, muziki na maigizo chini ya uangalizi wa afisa au padri. Sinema kwa Waafrika ilichaguliwa na kukatwa kabla ya kuonyeshwa. Kiingilio cha kumbi hizi kilikuwa rangi kwanza, kisha cheti, na fedha ilifuata nyuma kabisa.

Katika miaka hiyohiyo bwami ilipigwa marufuku. Jimbo la Kivu, ambalo Maniema ilikuwa ndani yake, lilikuwa bado na kumbukumbu ya maasi ya Kitawala, harakati ya kidini, yaliyozuka pande za Masisi na Lubutu mwaka 1944, na serikali, iliyokwisha kuzoea kuona njama katika kila ngoma ya usiku, ilikivunja rasmi chama cha bwami mwaka 1948. Amri haikuweza kuzuia watu kupanda madaraja msituni, na Biebuyck, aliyetajwa hapo juu, alihudhuria maonyesho mengi ya bwami katika miaka ya mwanzo ya 1950 na kuyaandika kwa undani ambao haujapitwa. Lakini amri hiyo, pamoja na mahubiri ya misheni na tamaa ya wanunuzi, ilivifanya vitu vya bwami kuwa vigumu kuvihifadhi na rahisi kuviuza. Sanamu na vinyago vikaenda Tervuren karibu na Brussels, ambako Ubelgiji ina jumba lake la makumbusho ya Afrika, na kwenye mikusanyo ya watu binafsi Ulaya na Marekani. Hapo ndipo mtu yeyote, kwa mara ya kwanza, aliweza kukitazama kitu cha kindi kwa kununua tiketi tu.

Jumba la kwanza kubwa la sanaa za maonyesho ambalo mkazi wa Kindu angeweza kulifikia kwa reli lilikuwa Élisabethville, leo Lubumbashi. Jumba la maonyesho la mji huo lilijengwa kati ya 1953 na 1956 kwa michoro ya kikundi cha wasanifu kilichokuwa na Claude Strebelle, na kwa bahati mwaka 1956 ndio pia mwaka ambao reli ya CFL iliunganishwa na reli ya Katanga kwa njia ya kutoka Kabalo hadi Kamina, baada ya upana wa reli yake kubadilishwa ili mabehewa yapite moja kwa moja. Kwa karatasi, basi, mtu angeweza kupanda behewa Kindu na kushuka kwenye mji wenye ukumbi wa kisasa kuliko karibu yote ya ukanda huu. Uingereza ilikuwa imefungua Jumba la Maonyesho la Taifa Nairobi mwaka 1952, na la Kampala likafuata mwaka 1959. Majengo haya yote matatu yalitangulia uhuru kwa miaka isiyofika kumi na miwili, na yote yalijengwa kwa hadhira ambayo muda si mrefu ingeondoka.

Kilicholipata jumba la Lubumbashi kinastahili kutajwa kwa sababu kimejirudia. Katanga ilipojitangazia kujitenga mwezi Julai 1960, ukumbi huo wa maonyesho ukawa ukumbi wa bunge, na hata baada ya miaka mingi jengo hilo, lililopewa jina la Juni 30, siku ya uhuru wa Kongo, limehusishwa na baraza la wawakilishi wa jimbo kuliko na tamthilia. Kinshasa nako, Jumba la Wananchi, lililojengwa na China na kukamilika mwaka 1979, likiwa na ukumbi mkubwa unaofaa tamasha, ndilo makao ya Bunge. Siasa ya Kongo ina mapenzi ya pekee na jukwaa, na mahali penye viti vingi vinavyotazama upande mmoja hapakosi mtu wa kupachukua. Tamthilia ya Kiswahili iliyo hai zaidi huko Lubumbashi ilikulia kwingine, mikononi mwa kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa redio na televisheni, na ambalo mwaka 1986 lilitunga kwa pamoja, bila maandishi ya awali, mchezo kuhusu usemi kwamba madaraka huliwa mazima bila kugawanywa. Mtafiti Johannes Fabian, ambaye uwepo wake uliuchochea mchezo huo, aliuandikia kitabu kizima.

Kindu haikupata jumba la namna hiyo, ilipata vita. Mji ulitekwa na waasi wa Simba mwezi Julai 1964 na kurudishwa mikononi mwa serikali tarehe 5 Novemba mwaka huohuo, na pande zote mbili ziliua watu hadharani. Amani iliyofuata ilikuja na onyesho la lazima. Baada ya chama cha MPR cha rais Mobutu Sese Seko kuundwa mwaka 1967, na hasa baada ya ziara zake China na Korea Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi iliyokuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire iliingizwa katika animasio, neno la Kifaransa lililovaa Kiswahili, likiwa na maana ya nyimbo na michezo ya kumsifu Kiongozi na chama chake. Kila shule, kampuni na idara ilitakiwa kuwa na kikundi chake, chenye vitenge vya aina moja na mistari iliyonyooka, na vikundi vilishindanishwa wilaya kwa wilaya hadi kufika mji mkuu.

Animasio inadharauliwa mno siku hizi, na kwa haki, lakini mwanahistoria wa maonyesho hawezi kuipita haraka. Kwa mara ya kwanza ngoma za vijiji mbalimbali vya Maniema zililazimishwa kukaa kwenye uwanja mmoja, zikapimwa kwa dakika, zikaelekezwa upande mmoja ambako mkubwa ameketi, badala ya kuchezwa kwa mduara ambao hauna mbele wala nyuma. Na nyimbo za harusi, za tohara na za msiba zikabadilishwa maneno, jina la Mobutu likawekwa mahali pa jina la bwana harusi au marehemu. Kiingilio kilifutwa kabisa, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kulipa ili aingie. Aliyetaka kutoka ndiye aliyelipa. Watu waliopita huko walitoka na ufundi wa kupanga safu na kuvuta sauti pamoja, na si ajabu kuwakuta baadaye wakiongoza kwaya za makanisa.

Maniema ilifanywa jimbo kamili mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa sehemu tatu, na Kindu ikawa makao makuu yenye haki, angalau kwa maandishi, ya kuwa na taasisi za jimbo. Miaka kumi haikupita ila vita vilirudi: majeshi ya kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila yalipita mwaka 1997, waasi wa RCD wakauteka mji Oktoba 1998, na reli ikanyamaza hadi 2004, treni kutoka Lubumbashi ilipofika tena. Mji uliokuwa ukiishi kwa kupokea wageni ukabaki kisiwa, ukifikiwa kwa ndege, na kwa baiskeli zilizobeba chumvi na mafuta kwa mamia ya kilomita. Mahali pa maonyesho palikuwa pale ambapo jenereta ilikuwepo.

Mwishoni mwa mwaka 2024 kulizinduliwa Kinshasa, karibu na Jumba la Wananchi, Kituo cha Utamaduni na Sanaa cha Nchi za Afrika ya Kati, kilichojengwa na China, chenye ukumbi mkubwa wa watu wapatao 2,000 na mwingine wa watu 800, na nafasi kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Sanaa, chuo kinachofunza muziki, maigizo na utamaduni. Kwa ukubwa hakuna kinachokikaribia Kongo, na ni jambo la haki kwamba nchi ambayo rumba yake iliandikishwa na UNESCO mwaka 2021 iwe na mahali pa kuipigia. Mtu wa Kindu anayetaka kukitembelea, hata hivyo, hana barabara ya kutegemea. Akikosa nauli ya ndege atashuka mto hadi Ubundu, atayakwepa maporomoko hadi Kisangani, kisha atakaa melini kilomita zaidi ya 1,700 hadi Kinshasa, safari ambayo huhesabiwa kwa majuma.

Jibu lingine kwa upungufu wa kumbi limetoka kwenye njia hiyohiyo ya mto. Faustin Linyekula, mchezaji na mtunzi wa dansi aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, alianzia kazi yake Nairobi, ambako mwaka 1997 alishirikiana na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen kuunda kundi la Gàara. Akaanzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kisha mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Fikra yake ilikuwa kwamba mji usio na ukumbi haupungukiwi na jengo moja kubwa la katikati, bali na vituo vidogo kadhaa vilivyotawanywa mitaani, ambavyo mtu atavifikia kwa miguu. Mwaka 2017 alipoalikwa na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, alitunga onyesho liitwalo Banataba, jina la kijiji cha ukoo wa mama yake, akianzia kwenye sanamu ya Walengola, majirani wa kaskazini wa Maniema, iliyokuwa imehifadhiwa humo. Na watazamaji wa New York wakaona sanamu na mwili vikikutana tena katika mwendo mmoja, kama ilivyokuwa kawaida ya msitu huo kabla ya makabati ya kioo.

Fikra ya vituo vidogo ina uzito wa pekee Kindu, kwa sababu ya umbo la mji. Komine zake mbili, Kasuku na Mikelenge, ziko ukingo wa kushoto wa Lualaba, pamoja na stesheni, bandari na ofisi za jimbo. Ya tatu, Alunguli, iko ukingo wa kulia, na mbele ya mji hakuna daraja. Ukumbi wowote utakaojengwa utakuwa upande mmoja wa maji, na yamkini utakuwa upande wa ofisi, hivyo mkazi wa Alunguli anayekwenda kutazama mchezo atampa kwanza mpiga kasia kiingilio chake, atakilipa cha mlangoni, na ngoma ikichelewa kuisha atashuka tena gatini kutafuta mtumbwi ambao bado haujafungwa.